Mama Alijua Kabla ya Kitabu

Kwenye benchi mbele ya kibanda cha fundi viatu, mwanafunzi wa udaktari waliyembandika jina Darubini alikuwa bingwa wa kuwakejeli wenye imani. Ukisema "Mungu akipenda," yeye anadai vipimo. Jioni ile kahawa ilimpoa mkononi, hadi fundi akamuuliza kama amefeli mtihani.

— Sijafeli. Leo tumesoma moyo wa mtoto aliye tumboni. Una kitundu kati ya vyumba vya juu, damu inapita hapo maana mapafu hayajaanza kazi. Mtoto akizaliwa, akivuta pumzi ya kwanza, kinajifunga. Chenyewe.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema fundi, kana kwamba methali hiyo ilihusika.

Dereva mstaafu, maarufu kama Breki, alijipapasa kifua.

— Changu hakikujifunga. Ndiyo maana nikipita kona naingiwa na baridi.

— Basi siri zako zinavujia hapo, fundi akamwambia.

— Kabisa. Na mtu akipiga miayo kinafunguka kabisa. Unadhani wakubwa wanaziba mdomo kwa adabu?

Darubini hakucheka.

— Mama yangu kazalisha watu miaka thelathini. Kila mtoto akilia, anamwekea kiganja kifuani, anasema, "Asante, Mola." Siku anaagwa kazini, mbele ya wenzake, nikamwambia, "Mama, ile ni hewa tu. Unamshukuru nani?" Wakacheka. Na yeye akacheka. Halafu akainuka kwenda kuosha vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai.

Breki akaangalia chini.

— Leo mwalimu anaeleza, nikajikuta nimejiwekea mkono kifuani, nalisema neno lilelile la mama. Nimeona haya, jamani.

— Asiyefunzwa na mamaye… fundi alianza, akaimeza methali.

Mama mmoja aliyekuwa akingoja kiatu chake kishonwe, amesimama kwa mguu mmoja, alikuwa amesikia yote.

— Mama yako yu hai?

— Yupo. Mtaa wa pili tu.

— Sasa mbona unatuambia sisi?

Fundi akajifanya anatafuta sindano. Breki akakohoa bila kikohozi. Darubini akaweka kikombe chini, akainuka bila kumtazama mtu, na Breki akavuta miguu yake ampishe.