Bi. Orlowski, Aliyewaandaa Watoto Wetu kwa Usaili

Kengele ya mwisho ya Ijumaa, tarehe 30 Januari 2026, itakapolia, Bi. Henrietta Orlowski atafunga mlango wa Chumba 114 baada ya miaka thelathini na moja na miezi mitano ya kuwa mshauri wa wanafunzi katika shule yetu. Katika muda huo amewaona wakuu wa shule saba wakija na kuondoka. Mashine ya kupasha joto aliyoikuta chumbani humo Septemba 1994 ingali inagonga kama mtu aliyefungiwa ndani, ingawa kila mmoja wa wale saba aliahidi kuitengeneza.

Kabla ya hapo alifundisha historia ghorofa ya juu. Alishushwa chini kwa muda tu, mpaka apatikane mtu wa kudumu.

Wageni wetu wasioijua kazi yake waelewe hivi. Vile vyuo vikongwe vya mashariki ya nchi, vinavyokataa watoto wengi kuliko vinavyopokea, vikishasoma karatasi za mwombaji humwomba mhitimu wao wa zamani anayeishi karibu akae naye mkahawani dakika arobaini na tano, kisha aandike ripoti. Hapa mjini Erie na vitongoji vyake wahitimu wa aina hiyo hawakuzidi sita. Watoto wetu, ambao wazazi wao wengi wako viwandani, walikuwa hawajawahi kuketi mbele ya mtu mzima anayetaka kujua wanafikiri nini. Waliingia mkahawani wakajibu “ndiyo” na “hapana”, wakarudi nyumbani kabla kahawa haijapoa.

Bi. Orlowski aliona hayo, akaweka viti viwili chumbani mwake vitazamane. Kila Jumatano mchana alivaa tai ya mumewe, Stan, ile ya kahawia yenye picha za bata, akawa msaili. Alikuwa na wasaili watatu ndani yake: anayetazama saa, anayejisifu mwenyewe dakika arobaini, na mpole, ambaye watoto walimwogopa kuliko wote. Sisi wa ofisi ya mbele tulimsikia kupitia ukutani.

“Usinikaririe! Hilo nimeshalisoma kwenye fomu yako. Niambie jambo ambalo mama yako halijui.”

“Bi. Orlowski, mama anajua kila kitu.”

“Basi niambie jambo analojifanya halijui.”

Aliwafundisha kufika mapema, kuwa na swali lao la kuuliza mwishoni, na kuandika barua ya shukrani kwa mkono siku hiyohiyo. Aliwafundisha pia, bila kukusudia, kwamba msaili huvaa tai.

Hapo ndipo tunapofika Januari 2010, kwa Yaritza Cordero. Baba yake alikuwa kwenye mashine za kumimina plastiki, zamu ya usiku, na binti alikuwa amekua akiuliza kwa nini kifuniko hiki hupasuka na kile hakipasuki. Alitaka kwenda chuo kimoja tu cha mashariki, chenye maabara aliyoisomea mpaka akajua majina ya waliofagia. Karatasi zake zilikuwa nzuri, lakini nzuri kama za maelfu wengine. Ule usaili ndio uliokuwa nafasi yake ya kuonekana mtu.

Alipangiwa Jumamosi saa nne asubuhi, mkahawani, na mhitimu wa chuo hicho, daktari wa meno aitwaye Ebersole, ambaye hakuwahi kumwona. Theluji ilikuwa magotini. Yaritza alifika mapema, akatazama huku na huku, akamwona mwanamume mwenye tai na faili mezani. Akamwendea.

“Wewe ndiye uliyepiga simu?” mwanamume akauliza.

“Ndiyo, mzee,” akajibu Yaritza, maana kweli alimpigia daktari kuhakikisha saa.

“Vizuri. Kwa nini unataka kuja kwetu?”

“Kwa sababu ya plastiki.”

Mwanamume akafikiri kidogo. “Sisi zaidi ni mpira.”

“Mpira pia naupenda,” akasema Yaritza, na hakusema uongo. Akaeleza kwa dakika kumi kwa nini mpira hukauka kwenye baridi.

“Unaweza kuinua ratili hamsini?”

Yaritza alijua kwamba vyuo hivi huuliza maswali ya mitego. Akatulia kama alivyofundishwa. “Inategemea ni kitu gani, na nakiinua kwa ajili ya nani.”

“Mungu wangu,” akasema yule mwanamume. “Na Jumamosi unaweza kufanya kazi?”

“Hata Jumapili, maktaba ikiwa wazi.”

Jumatatu aliingia Chumba 114 na kadi ya biashara mkononi. “Bi. Orlowski, nimepita. Naanza wiki ijayo.”

“Wiki ijayo? Chuo gani kinachoanza wiki ijayo?”

Kadi ilikuwa ya Bw. Dutch Hannigan, meneja wa duka la matairi, aliyekuwa akitafuta mtu wa kaunta na aliyevaa tai mara moja kwa mwaka, siku ya kuajiri. Aliyempigia simu kwa ajili ya ile kazi alizuiwa na theluji.

Bi. Orlowski alishika simu ampigie daktari, akaiacha, akamsukumia Yaritza. “Piga wewe. Nikisema mimi itakuwa kisingizio. Ukisema wewe itakuwa habari.”

Yaritza akaeleza yote, bila kumtaja mtu wala tai. Kisha akasikiliza, akaweka mkono juu ya simu. “Anasema alikuwa meza ya nyuma yetu. Mwenye sweta iliyotoboka kiwiko.”

“Alisikia?”

“Kila kitu. Anasema alikuwa ananilaani mimi kwa kutokuja, huku akijiambia, laiti chuo chake kingemletea msichana kama yule wa matairi.”

Lakini ripoti ya kwamba hakufika alikuwa ameshaituma. Akaandika nyingine ya kurasa mbili na kuomba ile ya kwanza ifutwe. Chuo kilijibu kwamba zimepokewa zote mbili.

Machi bahasha ilikuja, nyembamba. Chuo kilisikitika.

Hakuna ajuaye kama ule usaili ndio uliomkosesha. Bi. Orlowski mwenyewe alikuwa amewaambia watoto miaka yote kwamba ripoti ya mhitimu ina uzito wa unyoya. Siku ile hakuyaamini maneno yake mwenyewe. Alimwandikia mkuu wa shule akiomba kurudi ghorofa ya juu kufundisha historia, ambako, aliandika, watu wote waliokosewa wameshakufa. Yaritza alikuja kuchukua karatasi za kuombea chuo cha jimbo, akaikuta ile barua mezani, akaisoma bila ruhusa.

“Hii ya nini?”

“Nimekuharibia, mwanangu.”

“Wewe ndiye uliyenifundisha kuongea. Niliongea vizuri mpaka nikapewa kazi ambayo sikuiomba.” Akaikunja barua, akaitia mfukoni mwake. “Mdogo wangu Joselito anakuja kidato cha kwanza Septemba. Nani atamkalisha kwenye kile kiti? Mkuu wa shule?”

Mkuu wa shule wa wakati huo, tunamheshimu, alikuwa na kigugumizi mbele ya watoto. Bi. Orlowski akabaki.

Akabaki miaka kumi na sita. Tai ya bata ilirudi kwa Stan, ambaye hakuwahi kuiulizia. Badala yake mshauri wetu alikwenda dukani akamwomba Bw. Hannigan, ambaye hakusoma chuo chochote, awasaili watoto wetu kila Oktoba katikati ya matairi, kwa kuwa aliyeweza kueleza ndoto yake pale angeieleza popote. Daktari Ebersole alikuja pia, na sweta yake. Yaritza alisoma chuo cha jimbo, na leo yuko Cleveland akitengeneza mirija ya plastiki ya hospitali. Joselito alikaa kwenye kiti, akasailiwa na daktari, akapokewa kule alikokataliwa dada yake. Siku bahasha yake nene ilipofika, Bi. Orlowski alijifungia kwenye stoo ya karatasi kwa dakika ishirini. Sote tulijifanya hatuhitaji karatasi.

Bi. Orlowski, kwa kila mtoto uliyemkalisha mbele yako ukamsubiri mpaka aseme, shule hii inakushukuru. Wewe na Stan mpate asubuhi ndefu, magoti yasiyouma na majira ya baridi mafupi. Kuna watoto watatu wenye usaili Jumamosi ya tarehe 7 Februari. Tumekwambia usije, na ufunguo wa Chumba 114 tumeuacha ofisi ya mbele.