Maneno Matano ya Ramani ya Maduara

Wanangu Abel na Suzana, niinulieni mto kidogo, kisha nisikilizeni bila kunikatiza, maana pumzi iliyobaki ni ya maneno haya tu.

Abel, shamba la Kharumwa na ng'ombe ni vyako. Suzana, nakuachia ramani ya maduara iliyomo kwenye kompyuta, inayoonyesha maduara, yaani mashimo ya zamani ya machimbo, yaliyojaa maji, ambayo mchimbaji akiyatoboa bila kujua hatoki hai.

Niliitengeneza miaka minane, nikishuka kwa kamba na kupima. Hamjui ilivyopotea mara ya kwanza. Neno la siri nililoweka lilikuwa Suzana1994. Tulipogombania mpaka wa machimbo na rafiki yangu Jilala, aliketi kwenye kompyuta yangu nikiwa sipo, akajaribu mara tatu, akaingia, akafuta kila kitu. Nilipomfuata akanijibu, "Maige, mimi nilikula pilau la ubatizo wa huyo mtoto. Ulitaka nisahau mwaka?" Ikabidi nishuke kupima upya, na vumbi la safari hiyo ndilo lililonikaa kifuani mpaka leo. Nimemsamehe, akija msibani mpeni kiti.

Ndipo Rhoda, mwalimu wa kompyuta, akaniambia niache majina na miaka na chochote anachoweza kukisia mtu anayenifahamu, nichague maneno matano yasiyohusiana, niyaunge yawe neno moja refu, nisilitumie pengine popote. Akafunga kwalo kila kilichomo. Alisema wezi wana mashine za kubahatisha, lakini kila herufi ninayoongeza inazizidishia kazi mara nyingi, hata umri wa mtu usitoshe. Sikuamini. Mwaka juzi kompyuta ikaibwa, ikapatikana Chato baada ya wiki tatu, na aliyekamatwa nayo akakiri kwamba mafundi wawili walishindwa kuifungua. Nikaandika maneno yangu kwa kidole kimoja, ramani ikatokea, haijaguswa hata mstari. Wanangu, nikaifunga, nikaifungua tena. Nimeona milango ya chuma ikivunjwa kwa mitaimbo. Hiki hakina uzito, hakishikiki, kimekaa kichwani mwa mzee wa darasa la nne, na kimewashinda wote.

Nikishazikwa, Suzana, weka maneno yako mwenyewe. Mchimbaji yeyote akiuliza maji yako wapi, mwonyeshe, hata akiwa mtu wa Jilala. Mungu awape... awape kupendana, awazidishie miaka.

Abel, toka nje, baba. Si kwamba sikuamini. Hili ni la mtunza ramani peke yake. Rudishia mlango.

Suzana, inama... karibu zaidi... La kwanza ni...