Mwalimu Kwanini, Aliyefundisha Mayai Kutua

Baba yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Mwalimu Kwanini, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, nyuma ya karakana. Baba yake alikuwa fundi mitambo, mama yake mkunga. Shangazi anasema kaka yake alianza kuuliza maswali kabla hajaota meno, ila Shangazi naye huongeza chumvi.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Siku moja aliuliza kwa nini nyota hazionekani mchana. Mwalimu wake akamwamuru asimame nje azitazame mpaka zionekane. Alisimama kipindi kizima, akarudi na maswali mengine.

Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1978, akafundisha sayansi katika shule ya msingi iliyo mkabala na soko hadi alipostaafu mwaka 2016. Huko alianzisha Klabu ya Anga, iliyokutana kila Alhamisi. Darubini hakuwa nayo. Alikuwa na chupa za plastiki, pampu ya baiskeli na mayai. Chupa zilijazwa maji na upepo, zikaruka kupita paa. Yai lilikuwa mwanaanga: watoto walilitengenezea chombo, wakalidondosha kutoka ghorofani, na lilipaswa kufika zima. Wanaanga wengi walipoteza maisha, na mlinzi wa shule alichoka kudeki.

Mwaka 1984 aliingia kwa fundi cherehani mmoja akiwa na mwavuli mbovu, akaomba ashonewe parachuti.

"Ya nani?" fundi akauliza.

"Ya yai."

Fundi alidhani amepata mteja kichaa, lakini alishona. Akasahau kuziba tundu la katikati, pale ncha ya mwavuli inapopita. Jioni ile yai lilishuka bila kuyumba, likatua salama. Kesho yake Baba alirudi mbio.

"Kwa nini uliacha tundu?"

"Nilipitiwa, mwalimu. Lete nizibe."

"Usithubutu!"

Wiki nzima watoto walilinganisha parachuti zenye tundu na zisizo nalo, wakagundua kwamba hewa ikipata pa kutokea, parachuti haipepesuki. Fundi alialikwa kuja kuona. Yeye na Baba walifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1985. Mama husema aliposwa kwa uzembe wake.

Mwaka 2022 figo za Baba zilianza kushindwa kazi. Kliniki alimhoji muuguzi kuhusu mashine ya kusafisha damu hadi dada wa watu akamwambia, "Mzee, leo mgonjwa ni mimi au wewe?" Hata baada ya kustaafu hakuwahi kuiacha klabu, lakini Mei mwaka huu miguu ilikataa. Mwalimu mkuu alikuja nyumbani, akasema kwa heshima kwamba asipopatikana msimamizi kufikia katikati ya Juni, klabu itafungwa. Siku nzima Baba hakuuliza swali hata moja. Mimi binti yake mkubwa sikuwahi kumwona hivyo, na niliogopa. Jioni akamgeukia Mama.

"Nenda wewe."

"Mimi? Mume wangu, mimi niliishia darasa la saba. Wakiniuliza nisichokijua je?"

"Ndiyo kazi yenyewe."

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, Mama alikwenda. Msichana wa darasa la tano akamwuliza: mwezini hakuna hewa, sasa parachuti itashika nini?

"Sijui," Mama akasema. "Tufanyeje tujue?"

Walibishana na kujaribu hadi mlinzi akaja na funguo mkononi, akawatoa. Mama akakaza mwendo kuja kumpa Baba swali lile. Alimkuta ametutoka saa kumi na moja jioni, mkono wake ukiwa katika wangu. Mama alikaa kando ya kitanda, akamsimulia yote hata hivyo.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano na dada yake mmoja. Mwalimu mkuu yupo hapa nasi, na ameniruhusu nitangaze kwamba klabu haifungwi. Alhamisi ijayo Mama atakuwa shuleni.

Pumzika kwa amani, Baba. Swali la mwezini bado tunalihangaikia.