Mkate Uliolowa Juu

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umetanda barabarani na haukuwa na haraka ya kuondoka. Kwenye benchi la nje ya kibanda cha Kinyozi, watu watatu walikunywa kahawa wakiwa bado na usingizi machoni. Fundi Saa alikuwa amepakata sahani, na juu yake mkate wa mvuke, wa tatu tangu juzi, umeiva chini, juu umelowa chapachapa. Marehemu mkewe aliupika kila wiki na haukuwahi kumgomea. Leo saa nane mchana binti yao anarudi baada ya miaka sita, na kwenye simu aliomba kitu kimoja tu: mkate wa mama. Fundi alikuwa anaogopa, wala hakuficha.

— Hamira yako imezeeka, alisema Kinyozi, akiubonyeza mkate kwa kidole.

— Nimeinunua jana.

— Basi imezeekea dukani.

Breki, dereva wa lori mstaafu, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuwahi kuzikanyaga, akapuliza kahawa yake.

— Hamira mnaionea bure. Mvuke unapanda, sawa? Ukifika juu umeshachoka. Lori langu mlimani lilikuwa hivyohivyo.

— Mkate hauna injini, bwana wewe!

— Ndiyo maana umeshindwa kupanda!

Fundi alicheka kidogo, kisha akauangalia moshi wa kahawa ukijichanganya na ukungu. Humo ndani akaliona jiko lao la zamani. Sufuria inanong'ona, dirisha limejaa mvuke, mkewe amempa mgongo, viwiko vinakwenda huku na huku vikifunga kitu. Kitu gani? Hakujua. Miaka yote ile yeye alikuwa ameinamia saa za watu.

— Sikilizeni, Kinyozi alisema, sauti imeshuka. Sufuria inamjua mwenyewe. Hayo maji hapo juu si maji. Huo mkate umefiwa.

Breki akavua kofia. Hata Fundi alikaribia kuamini.

— Samahani, wazee wangu. Naulizia fundi saa.

Alikuwa dada wa makamo, mshonaji, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, saa iliyokufa mkononi. Aliutazama mkate, akawatazama wanaume watatu na nyuso zao za msibani.

— Huu umedondokewa na matone ya mfuniko. Mama mwenye nyumba huufunga mfuniko kwa kitu gani, kinyonye hayo matone?

Kinyozi akamwangalia Breki. Breki akaiangalia kofia yake.

Mkono wa Fundi ukapanda polepole hadi mfuko wa shati. Humo mlikuwa na kitambaa cha pamba alichokitoa msumarini jikoni siku ya mazishi. Hakukifua, kwa sababu kilikuwa bado na harufu ya mkewe. Pembe zake nne zilikuwa na mikunjo ya mafundo, na miaka miwili yote Fundi hakuwahi kujiuliza ni mafundo ya nini.

— Kumbe ni hiki, alisema, akikichomoa. Lakini dada yangu, kikilowa, harufu ya mke wangu itatoka.

— Na humo mfukoni, baba, itakaa mpaka lini?

Kinyozi aliinamisha birika juu ya kikombe chake. Likatoa tone moja, basi. Fundi alikisogeza kitambaa puani, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu, na wenzake wakamwacha. Akasimama.

— Saa yako nitaitazama kesho, dada. Leo nina mkate.

— Nenda, baba.

Akaondoka na kusahau sahani kwenye benchi. Walimwona akifika kona, nusu mtu nusu ukungu, kitambaa amekikunjua, vidole vikiitafuta ile mikunjo ya zamani.