Safari ya Sake ya Muzee Viateur Ntirenganya

Leo, Jumamosi tarehe 31 Mei 1958, Muzee Viateur Ntirenganya anaiacha kampuni yetu ya malori hapa Goma baada ya miaka ishirini na tisa ya kazi. Niliombwa niandike ukurasa mmoja wa kuchangamsha, niusome mbele yenu kabla ya bia kufunguliwa. Nitajaribu. Lakini nawaonya mapema kwamba mimi, Paulin Kataliko, karani wa chumba cha majaribio, nina uchungu rohoni na sijui kuuficha.

Aliajiriwa mwaka 1929, kijana mrefu kutoka Masisi, aliyejua ng'ombe kuliko injini. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuzungusha manivela mbele ya lori mpaka liwake. Miaka miwili baadaye akashika usukani. Lava ya volkano ilipoikata barabara ya Sake, madereva wengine waligeuza malori. Yeye alikodi mitumbwi, akavusha magunia ya maharage kwa njia ya ziwa, kisha akamletea mkubwa wake stakabadhi inayonuka samaki. Mama Séraphine, mkewe, anasema hata nyumbani akienda mezani hupiga honi kwa mdomo. Muzee anakana, lakini watoto wote ni mashahidi.

Mwaka 1946 akafanywa mwalimu wa madereva. Njia yake mliijua: alikaa kando ya mwanafunzi, ameshika juu ya goti kikombe cha bati chenye maziwa yaliyofika vidole viwili tu chini ya ukingo, wakaanza safari. Ndosho, Lac Vert, Mugunga, hadi Sake. Aliyefika bila kumwaga amefaulu. Aliyemwaga alirudia wiki iliyofuata, na Muzee alirudi Goma na suruali yenye madoa meupe. Tulimcheka wee! Lakini katika madereva wake wote sijasikia hata mmoja aliyetumbukiza lori ziwani.

Mwaka 1954 ikaletwa mashine ya taa. Ni kiti, pedali mbili na ubao wa taa mbele. Nyekundu ikiwaka unakanyaga, kijani ikiwaka unaachia, na saa iliyo ndani hupima wepesi wako na kutoa namba. Chini ya sitini, huendeshi lori la kampuni. Namba hiyo ninaiandika mimi kitabuni. Tuliambiwa mashine haipendelei ndugu wala haina kabila, na kusema kweli tulifurahi, maana zamani wengine walipata kazi kwa jina la baba yao tu.

Muzee naye hakuikataa. Aliomba mambo mawili. La kwanza, kila mtu aliyekataliwa na mashine apewe safari moja ya Sake pamoja naye. La pili, kila Januari yeye mwenyewe akae kitini, kwa kuwa namba yake ilikuwa themanini na mbili siku zote. Ikibadilika, fundi aifungue mashine kabla ya mtu yeyote kuhukumiwa. "Mutu haiko buji ya kuwashia injini ya motokari," alimwambia mkurugenzi wa wakati ule. "Hauwezi kumutupa bila kumujaribu kwa barabara. Na hii mashine, ni nani anaijaribu?" Mkurugenzi alicheka, akakubali.

Januari 1956 Muzee alitoka na sitini na moja. Fundi akaitwa kutoka Bukavu, akakuta springi ya pedali imechoka. Laurent na Harelimana, waliokuwa wamekataliwa wiki ileile, wakarudishwa. Wamekaa pale nyuma leo, wanaendesha vizuri hadi sasa. Ndugu zangu, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizozifanya mtu huyu, na hakuna aliyempa medali kwa ajili yake.

Januari mwaka huu namba yake ilikuwa hamsini na nne. Mkurugenzi mpya, aliyefika mwaka jana, hakumwita fundi. Alisema mashine ni ya kisasa, ni mtu ndiye amezeeka. Muzee ana miaka hamsini na moja! Akaomba safari ya Sake kama mtu mwingine yeyote. Akaulizwa ni nani atakayekaa kando yake na kikombe, kwani mwalimu si ni yeye mwenyewe? Nilikuwemo chumbani, nikainamisha macho kwenye kitabu changu. Barua ya kustaafu ikaja, na barua hiyohiyo ikafuta safari ya Sake kwa watu wote.

Sasa nisikilizeni vizuri. Mwezi wa pili, wenzangu walipokwenda kula, nilikaa kwenye kile kiti. Mimi si dereva, lakini tangu mashine ilipofika namba yangu ilikuwa sabini. Ikatoka arobaini na mbili. Muzee alishuka ishirini na nane, na mimi nimeshuka ishirini na nane. Nikajua kila kitu. Nikafunga mlango, nikanyamaza, kwa sababu nyumba ninayolala ni ya kampuni, na binti yangu Angèle anasoma kwa kazi hii. Tangu siku ile nimeandika majina ya madereva tisa chini ya sitini, kwa mwandiko wangu mzuri. Wote wamefukuzwa. Wawili wanabeba magunia bandarini; wengine sijui hata walipo. Naona aibu, naona aibu kweli.

Jumapili iliyopita, baada ya misa, niliazima kamioneti ya Hitimana, yule muuzaji wa maharage, nikamwomba Muzee anipeleke Sake. Kikombe nilikishika mimi. Hakuniuliza sababu. Tulipofika kwenye lava, gari likipanda na kushuka, aliniambia, "Shika muzuri, Paulin, lakini usinisaidie." Sikumsaidia. Tulipofika Sake tuliyanywa yale maziwa, nusu yake na nusu yangu, ndipo nikamweleza habari ya arobaini na mbili.

Nilidhani atanitukana. Badala yake alinitajisha wale tisa, jina kwa jina. "Na hao," akasema, "ni nani atakaa kando yao?"

Sitarajii kitu kutokana na karatasi hii. Mashine nyingine mbili zimekwisha kuagizwa, na huenda Jumatatu karani mwingine ndiye atakayeandika namba. Ila yamesemwa, na mkurugenzi amekaa hapa mbele ameyasikia.

Muzee Viateur, asante kwa miaka ishirini na tisa, na asante kwa kunipa nusu ya maziwa nisiyoyastahili. Enda nyumbani kwa amani, wewe na Mama Séraphine, na maisha yawatendee mema kuliko sisi tulivyowatendea. Suruali niliyovaa leo ndiyo ile niliyokwenda nayo Sake Jumapili. Sijaifua. Anayetaka kutafuta tone la maziwa, aje aangalie.