Bi Imelda Achagua Viwanda Vyake Vitatu

Baada ya miaka thelathini na mmoja kwenye dawati la kwanza la Ofisi ya Wageni ya Kaunti ya Haldane, Kentucky, Bi Imelda Greenwell anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 30 Oktoba. Wafanyakazi wenzake wamenipa mimi, Corbin Hutchens wa dawati la pili, kazi ya kuandika wasifu wake. Wamenipa kwa sababu nimekaa naye karibu kuliko wote, na kwa sababu siku ya kugawana kazi sikuwepo.

Bi Imelda alizaliwa hapa hapa Haldane, katika ukoo wa Cissell, akiwa amebanwa katikati ya kaka yake Delmar na mdogo wake Thurman. Aliajiriwa kupokea simu. Wakati huo kaunti ilikuwa na viwanda viwili tu vya bourbon, wiski yetu ya mahindi, na mgeni alichagua cha kutembelea kwa kurusha sarafu. Leo viwanda ni tisa. Mgeni anashuka kwenye gari akiwa na siku moja, mke mmoja na hamu ya kuviona vyote. Kazi ya Bi Imelda imekuwa kumweleza kwa upole kwamba ataviona vitatu, kisha kumchagulia hivyo vitatu.

Hakuwahi kumuuliza mgeni anapenda wiski ya aina gani, kwa kuwa aliamini kila mtu hudanganya hapo. Aliuliza mambo mengine. Nani ataendesha gari? Asubuhi mlikula nini? Hii safari ni wazo la nani? Akishajua ni wazo la nani, aliwapeleka kule alikotaka yule mwingine, na ndoa nyingi za majimbo jirani zimesimama hadi leo kwa utaratibu huo.

Wapo watakaokumbuka vijana wa Ohio waliokuja kumuaga mwenzao anayeoa, wakataka viwanda vinane kabla ya jua kuzama. Bi Imelda aliwapa kiwanda kimoja na uwanja wa mpira wa kikapu wa parokia, na bwana arusi akafika kanisani akiwa na meno yake yote. Yupo pia bwana mmoja wa Michigan aliyefika bila kuweka nafasi, siku ambayo kila kiwanda kimejaa, akaanza kulia pale pale dawatini. Bi Imelda alimpeleka kwenye karakana ya mapipa, akamwambia ni kiwanda cha aina ya pekee ambacho wiski yake haijaanza kutengenezwa. Bwana yule hurudi kila mwaka kuuliza kama imeanza.

Lakini hakuna wasifu wa Bi Imelda utakaokamilika bila habari za chupa, na kwa kuwa kila mtu anazisimulia vibaya, nitazisimulia mimi.

Delmar ndiye msimamizi wa mitambo katika kiwanda cha Kijito cha Tobin. Thurman ana cheo hicho hicho katika kiwanda cha Mjane Hobart, upande wa pili wa kilima. Binti yake Bi Imelda, Joetta, alipokaribia kuolewa, ilibidi ifanyike kama inavyofanywa kwa kila bibi arusi wa huku: mwezi mmoja kabla, chupa ya bourbon iliyojaa ifukiwe pale itakapofungwa ndoa, kichwa chini, ili siku hiyo mvua isinyeshe. Delmar alikwenda kimya kimya akafukia chupa ya Tobin. Thurman naye akaenda kimya kimya akafukia ya Mjane Hobart. Siku ya arusi ilinyesha mvua iliyochukua hema, keki na kiatu kimoja cha padri.

Kila mmoja alisema mwenziwe aliifukia chupa yake ikiwa imesimama. Walikwenda na majembe kutafuta ukweli, wakazikuta chupa zote mbili mtaroni, zimefukuliwa na maji, zimelala ubavu kwa ubavu. Ushahidi ukawa umepotea. Tangu siku hiyo Delmar na Thurman Cissell hawakusemezana. Joetta bado yupo na mumewe na ana furaha, ila hakuna aliyemuuliza.

Hapo ndipo Bi Imelda alipofanya jambo ambalo ofisi hii haikulijua kwa muda mrefu. Alianza kuwatumia watalii. Mgeni akienda Tobin asubuhi, alimpangia Mjane Hobart mchana, na Delmar, akimaliza kueleza habari za mitambo ya shaba, alimvuta mmoja pembeni. "Mkifika kule ng'ambo mtamkuta mzee mwenye masharubu. Mwambieni paa la mama linavuja, na zamu ni yake." Wageni walidhani ni sehemu ya ziara, wakapiga makofi. Kesho yake kundi jingine lilirudisha jibu: "Mzee amesema zamu yake ilikuwa mwaka jana, na wewe ngazi hujairudisha."

Kwa hiyo mlipomwona Bi Imelda akimtazama mgeni kwa muda mrefu kabla ya kumchagulia viwanda, alikuwa anapima kama anaweza kutunza ujumbe. Habari za ugonjwa wa mama yao hakuwapa watu wa hivi hivi. Aliwasubiri walimu wawili wastaafu kutoka Indiana. Mama alipofariki, kaka na mdogo mtu walibeba jeneza pamoja, mmoja mbele na mmoja nyuma, na aliyeuliza kama wapite kushoto au kulia aliuliza kupitia kwa padri.

Sasa tufike mwaka huu. Ofisi yetu ina desturi kwamba anayestaafu hupewa siku moja, gari na dereva, atembelee viwanda vitatu avitakavyo yeye, na uchaguzi wake hutangazwa kwenye chakula cha jioni cha parokia. Kwa mtu mwingine ni zawadi. Kwa mtu aliyewachagulia watu maisha yake yote, katika kaunti ambayo kila kiwanda kina binamu yake, ilikuwa adhabu. Ndani ya wiki moja tulipokea nguruwe wawili wa kukaushwa kwa moshi na mkate wa mahindi wenye sura yake. Kiwanda kimoja kilituma kwaya yake, ikaimba dirishani hadi tulipoomba polisi waje, na polisi walipokuja, mmoja akajiunga na sauti ya besi.

Hayo yote Bi Imelda aliyapokea kwa tabasamu. Kilichomkondesha ni ujumbe mwingine. Jumanne moja aliingia daktari wa meno kutoka Kanada, amepauka, kofia mkononi.

"Samahani, mama. Yule mzee wa Mjane Hobart amesema ukianzia kwa Delmar, kwenye kuagwa kwako usimtarajie."

"Asante, mwanangu. Na Tobin ulipita?"

"Nilipita. Yule naye amesema hivyo hivyo, ila ameongeza matusi. Niyaseme?"

"Hapana. Kunywa maji ukae kidogo."

Daktari alipoondoka, Bi Imelda alinigeukia, na kwa mara ya kwanza nilimwona amechoka. "Corbin, mimi sitaki nguruwe wa mtu. Nataka wale wawili wakae meza moja na mimi kabla sijafa. Au kabla hawajafa wao. Yeyote atakayetangulia." Nilimwambia kwamba akianzia kwa mmoja atampoteza mwingine, na akiwaacha wote atawapoteza wote. Akasema anajua kuhesabu viwanda, ndiyo kazi yake.

Jumapili ya chakula cha parokia, ukumbi ulijaa. Tobin walikaa upande wa mashariki na Mjane Hobart upande wa magharibi, na sufuria kubwa la mchuzi wa nyama saba likawekwa katikati kama mpaka. Bi Imelda alisimama. Alishukuru wapishi. Alimshukuru padri na kumuuliza hali ya mguu. Kisha akasema, "Viwanda vyangu vitatu nimeshavichagua. Vyote viko Tennessee."

Wasomaji wa kaunti hii hawahitaji kuelezwa. Tennessee, wapinzani wetu wa jimbo jirani, watu wanaochuja wiski kwa mkaa! Mwanamke mmoja wa kwaya alijifunika uso. Padri alibaki ameinua mwiko hewani. Ndipo Delmar aliposimama mashariki na Thurman akasimama magharibi, wakakutana kwenye sufuria.

"Umemfanya nini dada?" alifoka Delmar.

"Mimi? Si wewe uliyemtumia matusi kwa daktari wa meno!"

"Na wewe uliyekataa kuja kumuaga, mshenzi wewe!"

"Atakwenda huko, wamsifie, arudi anatutapikia mkaa!"

"Hatakwenda peke yake. Nakwambia, hatakwenda peke yake."

"Nani kasema aende peke yake?"

Walikuwa wanagombana, ndiyo, lakini walikuwa wanagombana wao kwa wao, kwa midomo yao, bila mtalii kati. Nilimtazama Bi Imelda. Alikuwa amekaa, anajipakulia viazi.

Jumamosi iliyofuata niliendesha mimi. Bi Imelda alikaa mbele. Nyuma walikaa kaka na mdogo mtu, wamebanana, wamevaa fulana za viwanda vyao ili adui awatambue. Kiwanda cha kwanza walikosoa mahindi. Cha pili walikosoa maji, na Thurman akamsaidia Delmar kuinama ili wakosoe sakafu vizuri. Msichana wa kiwanda aliyekuwa akituongoza, mpole kupita kiasi, aliwauliza kama wamefanya kazi pamoja miaka mingi.

Kiwanda cha tatu kilikuwa kidogo, nyuma ya duka la mbolea. Mwenyewe alitumiminia, isipokuwa mimi dereva, akaondoka kwenda kupokea simu. Delmar alikunywa. Thurman alikunywa. Waliziangalia glasi zao. Nilisubiri matusi, hayakuja.

"Kaka," alisema Thurman, polepole.

"Najua. Nyamaza."

"Lakini kaka, hii kitu..."

"Nimesema najua! Meza, usiseme kitu."

Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri sana, na ilikuwa imepita kwenye mkaa, na wao wawili tu ndio waliokuwa na aibu hiyo duniani. Delmar aliniapisha kwa kaburi la mama yangu kwamba neno hilo halitatoka mdomoni mwangu, na kweli halijatoka. Bi Imelda alikwenda dirishani akatugeuzia mgongo. Nilidhani anacheka. Nilipomkaribia nikaona analia, akanifanyia ishara nisimguse, nimwache tu alie.

Tangu siku ile wale wawili hawaachani. Delmar hamwamini Thurman akiwa peke yake na watu, na Thurman hamwamini Delmar akishakunywa glasi ya pili. Wanakula pamoja, wanakwenda misa pamoja, na paa la mama limezibwa. Ijumaa watakaa meza moja na dada yao, mmoja kushoto na mmoja kulia, kila mmoja akimchunga mwenziwe.

Bi Imelda, asante kwa kutuvumilia. Asante kwa wageni wote uliowarudisha kwao wakiwa wazima na bado wameoana. Tutajaribu kuchagua kama ulivyochagua wewe, na tutakosea, na utatusikia hadi kibarazani kwako. Maisha yako ya kustaafu yawe marefu na mepesi, nasi tutakuja kuyatembelea.

Nimeagiza wasifu huu ugawiwe pamoja na keki, si kabla. Delmar, Thurman, kama mmefika mstari huu, basi sasa kila mtu ukumbini anajua. Kaeni chini. Hakuna tena cha kuchungana, na dada yenu bado anakula.