Mstari wa Kaka Chunbo

KAPSUN: Haloo, nani huyo? Sema upesi, nimeanika pilipili na wingu linakuja.

TAEGIL: Ni mimi, dada, Taegil. Shikamoo.

KAPSUN: Marahaba. Mbona sauti yako inavuma? Uko kisimani?

TAEGIL: Simu ya barabarani, mbele ya duka la mchapaji. Kitabu cha ukoo kinaingia mashineni saa nane. Nataka neno lako kuhusu kaka Chunbo.

KAPSUN: Chunbo alikufa kwa surua, mwaka mmoja kabla ya vita. Imeandikwa.

TAEGIL: Mwaka wa vita alinivusha mto mgongoni. Surua gani hiyo—

KAPSUN: Punguza sauti. [mkwaruzo] Nyuma yako kuna nani?

TAEGIL: Bibi anauza viazi vya kuchoma.

KAPSUN: Hao ndio wabaya.

TAEGIL: Dada, mama alimwandikia kifo tusije tukaitwa ndugu wa Mkomunisti. Sasa miaka thelathini na tisa imepita, mama mwenyewe hayupo.

KAPSUN: Na mwanangu anasubiri barua ya kazi ya serikali. Wakigundua ana mjomba Kaskazini?

TAEGIL: Mambo hayo ya kuwaadhibu jamaa si wameyafuta—

KAPSUN: Wamefuta sheria. Mafaili yapo.

TAEGIL: Mkomunisti gani asiyejua kuandika jina lake? Julai aliwabebea Wamarekani masanduku ya risasi. Agosti akawabebea watu wa Kaskazini bunduki za Mrusi. Mgongo ule ule.

KAPSUN: Wamarekani walimpa sigara. Akasema wale wengine hawana hata kiberiti.

TAEGIL: [anacheka] Ndiyo siasa yake yote hiyo.

KAPSUN: Alipoondoka nao alisema ni mzigo wa siku tatu. Nikamfungia matonge matatu ya wali. Matatu tu.

TAEGIL: Mrusi na Mmarekani walimwondoa Mjapani, wakaweka rula juu ya ramani, huku wangu, kule wako. Mchina naye akaja mbio asikose. Sisi tukabaki kuulizana, wewe uko upande gani? Kaka alikuwa upande wa mzigo.

KAPSUN: Umekuwa redio. Humo kitabuni mimi mwenyewe sina jina, nimeandikwa kwa jina la mume wangu, mlevi yule. Leo ndiyo mnataka niamue?

TAEGIL: Wewe ndiye mkubwa tuliyebaki naye. Wazee wa ukoo wamesema bila neno lako hawagusi.

KAPSUN: Wingu limefika. Pilipili zangu zitalowa.

TAEGIL: Dada? Hii sarafu ya mwisho. Mchapaji ananipungia mkono.

KAPSUN: Kijana akinyimwa kazi, atakuja kulima kwako.

TAEGIL: Aje. Ila aamke mapema, si kama mama yake—

KAPSUN: Nyamaza. Futa surua.

TAEGIL: Nafuta. Sasa niandike amekufa lini?

KAPSUN: Nani amekwambia amekufa?

TAEGIL: Basi... naacha wazi.

KAPSUN: Acha wazi. Na chini yake uache mistari. Wa mke, na ya watoto.

TAEGIL: Mingapi? Ukurasa umejaa, huyu mchapaji ataniua—

KAPSUN: Mitatu. [mkwaruzo] Hapana, ngoja, huyo namjua. Weka mitano.

TAEGIL: Mitano? Dada, itabidi nimsogeze babu—

KAPSUN: Msogeze. Haya kimbia, asije akawasha mashi—